Mkate wa Bibi Akimana

Haya yalimpata rafiki yangu Winifrida, katekista wa kigango chetu huku Kasulu. Akiyasimulia, huinamisha uso.

Alitoka semina akatufundisha kwamba pale tunapoomba mkate "wa kila siku" katika sala ya Baba Yetu, Kigiriki cha kale kina neno epiousios, ambalo halionekani karibu popote pengine. "Maana yake ni mkate wa kesho," akasema. Mkufunzi wake alikuwa amemwambia hakuna mwenye uhakika, lakini hilo hakulitaja.

Bibi Akimana, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi kwa chakula cha mgao, akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo leo tusiombe kula?"

Winifrida akacheka. Kanisa zima likacheka.

Tangu siku hiyo, sala ikifika hapo bibi alikuwa ananyamaza. Akafa hajaombwa radhi.

Juzi alasiri wingu lilitanda, Winifrida akaenda kufunga madirisha ya kanisa. Alipofunga la mwisho, ndani kukawa giza. Sauti ya kizee ikasema, "Utupe leo..." ikanyamaza. Ikarudia, "Utupe leo..."

Winifrida aliona aibu zaidi ya hofu. Akamalizia, "Mkate wetu wa kila siku. Nisamehe, bibi."

Kisha, kwenye benchi la mbele, mtu akaanza kutafuna.