Mkanda wa Marehemu

Magari nimefungua mengi kuliko fundi yeyote wa Tarime, lakini hili lilimkuta rafiki yangu Kisyeri, mchimbaji wa Nyakunguru. Dhahabu yake yote iliishia kwenye gari la mashindano alilojiundia mwenyewe. Ili apate vipuri, alinunua gari la marehemu kwa mjane wa Itiryo.

"Subiri, mwanangu, nimwambie mume wangu kaburini kwamba linaondoka."

"Mama, chuma nacho kinaaga?" Kisyeri akalivuta bila kusubiri.

Nyumbani, kwenye giza la banda lake, aling'oa betri na nyaya zote za gari la marehemu. Indiketa ikalia: tik, tik, tik. Kisyeri akaendelea kufungua boliti. Akahamishia kiti cha dereva na mkanda wake kwenye gari jipya. Mlio ukakoma. Alipoinamia spana, nyuma yake kitu kikafanya klik.

Kiti kilikuwa kitupu. Mkanda ulikuwa umefungwa, umetuna kama umezunguka tumbo, ukipanda na kushuka taratibu.