Mfereji wa Tofali Zilizovunjika

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Véronique alishika ufagio. Alifagia mbele ya nyumba, akafagia pembeni, kisha akazunguka nyuma. Vumbi na takataka alivisukuma mpaka chini kabisa ya kiwanja, kwenye ua wa miti unaomtenga na jirani. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Ndivyo wanawake wote wa mtaa ule wa Bunia walivyofanya, hata katika miaka ile ya vita. Bunduki zikinyamaza, ufagio ulisikika.

Lakini nyuma ya nyumba ufagio ulikuwa unakwama sasa. Pale palikuwa na majani ya pasipalumu, mafupi na laini. Véronique aliyapanda mwenyewe, kipande kwa kipande, watoto wake wakiwa wadogo. Zamani maarusi walikuja kupiga picha pale. Sasa majani yalikuwa ya manjano. Ukikanyaga, maji yalipanda katikati ya vidole. Na harufu! Ilikuwa kama mihogo iliyolowekwa ikasahauliwa.

Na juu ya maji yale kulikuwa na watu. Agathe, mtoto wa dada yake Véronique, alikuwa amekimbia vita Bogoro pamoja na binti yake mdogo, Falone. Ndani ya nyumba jamaa wengine walikuwa wamejaa, watu walilala mpaka chini ya meza. Basi Agathe alijengewa hema nyuma, hema ya bashi, ile plastiki ngumu ya wakimbizi. Wakati wa jua ilikuwa makao mazuri. Mvua zilipoanza, mkeka ulilowa kutoka chini. Falone akaanza kukohoa, na kikohozi kikagoma kutoka.

Asubuhi moja Véronique alimkuta Agathe anakamua mkeka kama mtu anayekamua nguo.

"Mama mukubwa," Agathe alisema bila kuinua macho, "kisha misa ya siku ya Yenga nitaenda kambini. Kule karibu na uwanja wa ndege."

"Kambini? Watu wamepangwa kule kama mahindi ndani ya mufuko! Na kuhara iko inamaliza watoto."

"Najua. Lakini wamemwaga mawe chini. Mutoto atalala pakavu."

"Agathe, weye ni mutoto wa dada yangu. Watu watasema nimekufukuza."

"Haukunifukuza weye, mama. Bogoro nilifukuzwa na bunduki. Hapa niko nafukuzwa na maji."

Véronique alishika upande wa pili wa mkeka, akakamua naye. Dada yake alikuwa amekufa, na katika watoto wake wote Agathe peke yake ndiye aliyefika Bunia. Angemwacha aende, halafu akija kusikia mtoto ameugua kule kambini, angemwambia nini dada yake huko aliko?

Jioni alimwambia mume wake, Mzee Lambert.

"Mutaniachia mimi," Lambert alisema. "Maji ni kitu ya kushinda mwanaume?"

Kesho yake alikokota pusupusu, toroli ya mkono, iliyojaa mchanga. Akamwaga. Akarudi, akamwaga tena. Akasawazisha vizuri, akajifuta jasho, akasimama katikati kama mtu anayengoja kupongezwa. Mchana mvua ikanyesha. Mchanga ukalewa maji, ukawa uji. Lambert alipokwenda kutazama, sandale moja ilibaki ndani ya matope. Alirudi na mguu mmoja mtupu.

Hapo ndipo sauti ilipotoka chini, kwenye ua.

"Hodi kwa wenye kufuga bata!"

Alikuwa Vahwere, jirani wa chini. Huyu mama alikuwa Mnande, na mdomo wake haukuwa na kufuli. Baba yake, kule upande wa Butembo, alikuwa na mabwawa ya samaki. Vahwere alikua akichunga maji kama watoto wengine wanavyochunga mbuzi.

"Siye hatufugi bata, mama," Lambert alijibu.

"Haa! Basi hii ziwa mulichimba juu ya nani? Maji yenu iko inaingia mu ukuta wangu. Mara hii nyumba yangu itakuja kuwasalimia, italala hapa miguuni penu."

"Maji si yetu. Ni ya mvua," alisema Lambert.

"Mvua iko inanyesha kwa wote. Lakini kwenu tu inapata kitanda."

Véronique alicheka, ingawa moyo wake ulikuwa mzito. "Karibu, Mama Vahwere. Ingia ukamate jembe. Kama unajua dawa, tuonyeshe. Mutoto wangu anataka kuhama juu ya hii maji."

Vahwere aliacha mzaha. Alipita kwenye mwanya wa ua, akakunja kikwembe chake, akaingia na miguu mitupu. Hakuenda moja kwa moja kwenye maji. Alipanda kwanza juu, mpaka barabarani. Akatazama maji ya barabara yanaingia wapi. Akatazama bati za nyumba, maji yake yanaangukia wapi. Kisha akaomba jembe, akachimba shimo dogo katikati ya majani.

"Kujeni muone. Juu iko udongo mweusi, muzuri. Chini yake iko nini?"

Agathe aliinama, akatia mkono. "Udongo wa kufinyangia. Kama ule wa kutengeneza vyungu."

"Njo hivyo. Chungu kinavuja?"

"Hapana."

"Basi mumelala juu ya chungu. Maji ya barabara inaingia, ya bati inaingia, na chini imefungwa. Hata ukimwaga mchanga wa muto muzima, maji itakaa. Ukimufungia mugeni mulango, ataondoka namna gani?"

Lambert alikohoa. Vahwere akashuka mpaka kwenye ua. Akapiga kwa mguu mgongo wa udongo uliokuwa chini ya miti. Ulikuwa umefika karibu na goti.

"Na hii ukuta, nani alijenga?"

"Hakuna mutu alijenga," Véronique alisema. "Ilikujaga yenyewe."

"Yenyewe! Mama Véronique, kila asubuhi nakusikia. Shwaa, shwaa, shwaa. Unafagia wapi?"

Véronique aliona kila kitu mara moja. Miaka yote ile alikuwa amechukua udongo wa kiwanja kidogo kidogo, akaupeleka pale pale. Katikati pakashuka, pembeni pakapanda. Ufagio wake ulikuwa umechonga sahani.

"Kumbe ni mimi," alisema polepole.

"Ni weye nusu," alisema Vahwere. "Lakini zamani maji ilikuwa inatoka. Hapa si kulikuwa mufereji? Mimi nakumbuka. Ulipita nyuma ya nyumba, ukashuka kwangu, mpaka barabara ya chini. Uko wapi?"

Watu wote walimtazama Lambert.

"Ule mufereji niliuzika," alisema.

"Juu ya nini, muzee?"

Lambert aliketi juu ya pusupusu. "Ile siku vita iliingia mtaani, watu wa bunduki walilala ndani ya ule mufereji. Wakapiga risasi kutoka nyuma ya nyumba yangu. Wale wengine wakajibu. Wanajibu kwa nani? Kwa nyumba yangu. Siye tulikuwa chini ya kitanda, Véronique anasali, risasi inapita mu ukuta kama ni karatasi. Walipoondoka, nilichukua jembe, nikaujaza udongo mpaka juu. Nikaapa: nyuma ya nyumba yangu hakuna mutu atapata tena shimo ya kulala na bunduki." Alimtazama Vahwere. "Kwa hiyo usiniambie nichimbe tena. Nitakataa."

Agathe alishusha macho. Yeye pia aliijua sauti ya risasi kwenye ukuta. Véronique alitaka kumkemea mume wake, akashindwa. Aliona mtoto anayekohoa, akaona pia ile siku chini ya kitanda. Pande zote mbili zilikuwa na haki.

Vahwere alichuma jani, akalitafuna. Kisha akasema:

"Muzee uko na haki. Basi tutachimba, halafu tutajaza."

Lambert aliinua kichwa. "Kuchimba ili kujaza? Mama, hiyo akili ya samaki ao ya watu?"

"Weye ulijaza na udongo. Udongo unafunga maji. Siye tutajaza na tofali zenye zilivunjika. Jiko yangu ilipigwa na bomu, si munajua? Tofali ziko pale, hazitajenga tena kitu. Ni tofali za kuchoma. Zile mbichi hapana, zitarudia kuwa matope. Ukizimimina ndani, maji itapita katikati yake. Juu tutarudisha majani. Maji ni nyembamba, itapita. Mutu na bunduki yake, atalala wapi?"

Lambert alifikiri. Alitazama nyuma ya nyumba, akatazama ukuta uliokuwa bado na matundu. "Hataona hata shimo," alisema.

"Hataona kitu. Ataona majani."

"Na maji itatokea wapi?" aliuliza Véronique. "Kwako?"

"Tayari iko inakuja kwangu, tena inapita mu ukuta kama mwizi. Ipite kwa mulango. Itapita kwa ndizi zangu, na yenye itabaki itashuka mpaka barabarani. Ndizi zitanishukuru."

Basi wakakubaliana. Lambert alikwenda kwanza kwa shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wao, akamweleza kazi wanayotaka kufanya. Katika siku zile, mtu akikuona unachimba bila kueleza, anaweza kufikiri unaficha silaha. Tena Vahwere aliwaonya: "Tutafuata ule mufereji wa zamani tu, wenye muzee alijaza na mikono yake. Pembeni hatugusi. Na mukiona chuma yenye hamujui, hapana kugusa, hapana kupiga na jembe. Muache, musonge mbali, muite wenye kazi yao." Pia aliwaonyesha kwamba njia ile ilipita mbali na choo na mbali na kisima. "Maji ya mvua ikigusa choo, munamupelekea jirani ugonjwa," alisema.

Walichimba mchana kweupe, kila mtu akiona. Lambert alichimba, Agathe alitoa udongo. Majani ya pasipalumu waliyakata kwa vipande na mizizi yake, wakayaweka kivulini. Véronique alikubali kazi iliyomhusu: alibomoa ule mgongo wa udongo wa ufagio wake, akaurudisha mahali palipobonyea. Aliona aibu kidogo, na akacheka kidogo.

Mfereji ulipofika kwa Vahwere, Lambert alitaka kumimina tofali.

"Ngoja!" alisema Vahwere. "Ulipima?"

"Napima na macho."

"Macho inadanganya. Maji haidanganyi. Agathe, leta ndoo."

Agathe alimwaga maji kule juu. Yakatembea, yakatembea, halafu katikati yakasimama.

"Muzee, hapa umebakisha mulima."

"Ni kamulima kadogo."

"Kwa maji hakuna kamulima kadogo."

Lambert alichimba tena. Wakamwaga tena, na maji yakashuka bila kusita. Ndipo wakaleta tofali. Vipande vikubwa waliviweka chini, vidogo juu. Juu ya tofali walitandika mifuko ya zamani, ile iliyofumwa, ili udongo usishuke kuziba nafasi. Juu ya mifuko wakaweka udongo kidogo, kisha wakarudisha majani, wakayakanyaga yashike. Chini ya bati walipanga mstari wa mawe, maji ya nyumba yaingie mferejini bila kuchimba ukuta. Upande wa barabara waliinua tuta dogo, maji ya barabara yabaki barabarani.

"Na ufagio?" Véronique aliuliza.

"Fagia, mama. Lakini kamata takataka uzitupe kwenye shimo lake. Usizipeleke kwenye ua. Na kila siku ya salongo, kazi ya mutaa muzima, tutasafisha pamoja ule mulango wa maji kwangu. Ukiziba, tunarudia kufuga bata."

Jumapili ikafika, siku ya Yenga. Agathe alikuwa amefunga vitu vyake ndani ya kikwembe tangu asubuhi. Wakati wanatoka misa, mawingu yalikuwa meusi upande wa mashariki, penye ziwa kubwa. Walikimbia. Walipofika tu, mvua ikaanguka, ile mvua ya kwao Ituri isiyobisha hodi.

Wote walisimama nyuma, chini ya bati, wanatazama majani. Maji yalianza kujaa. Yakafunika majani. Lambert akatazama pembeni. Agathe alimwinua Falone mgongoni, akakaza kitambaa.

Halafu sauti ikapanda kutoka chini, juu ya kelele ya mvua.

"Inatoka!" Vahwere alikuwa amesimama kwenye ndizi zake na mfuko kichwani, amelowa, anaruka kama msichana. "Kujeni! Ni nyekundu kama chai, lakini inatoka!"

Walitazama tena majani. Maji yalikuwa yanashuka, polepole, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Ncha za majani zikaonekana kwanza, kisha majani mazima. Mvua ilipokatika, Agathe alitembea peke yake mpaka kwenye hema. Alikanyaga hapa, akakanyaga pale. Aliingiza mkono chini ya mkeka; maji hayakuwapo tena.

Alipotoka, hakuja kuchukua kikwembe chake. Alipita kwenye mwanya wa ua, akaenda kwa Vahwere. Véronique alisikia sauti zao, lakini maneno hakuyapata. Baadaye akamwona anarudi, miguu imejaa matope ya kwa jirani, na mkononi ameshika chipukizi la ndizi na mizizi yake.

"Mama mukubwa," Agathe aliuliza, "hii naweza kuipanda wapi? Anasema itazaa mwaka kesho."

Véronique alikwenda kumletea jembe.