Spika za Nyuma za Datsun Nyekundu

"Gari la mzee limeshapona?"

Sauti ya Afande Stanslaus ilimfikia Salome kupitia kifaa kidogo sikioni. Swali hilo lilikuwa na maana moja tu: je, dhahabu imo?

Salome alikuwa amejikunja nyuma ya viti vya Datsun 240Z nyekundu, gari la michezo la mwaka 1972, katika gereji moja ya mtaa wa Kambarage. Mji wa Shinyanga ulimjua kama fundi wa redio za magari. Idara ya upelelezi ilimjua kwa kazi nyingine.

Aligusa mgongo wa spika ya nyuma kwa bisibisi.

Bisibisi ilianguka.

Alirudia. Ilianguka tena. Kila fundi wa redio anaijua kero ya sumaku ya spika: hunasa bisibisi, hunasa skrubu, hunasa hata saa ya mkononi. Hii haikunasa kitu. Alikwangua rangi nyeusi kwa ukucha. Chini yake palimetameta dhahabu, imemiminwa kwa umbo la sumaku.

"Limepona," alinong'ona. "Spika zote mbili za nyuma."

"Basi tunaingia."

"Bado, afande. Na Enock je?"

Enock alikuwa mwenzake kazini. Alijipenyeza miongoni mwa wachimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo, akagunduliwa, akashushwa kwenye duara, shimo la wachimbaji. Kisha ngazi ikavutwa juu. Hapa mjini ni mtu mmoja tu aliyejua ni duara lipi: Kalisti, mwenye dhahabu. Akikamatwa angefunga mdomo, maana kusema kungekuwa kukiri. Na gari likivuka mpaka, walinzi wa Kalisti wangelifukia shimo.

"Kikosi kiko Mwakitolyo tayari," Stanslaus alisema. "Lakini hakiwezi kupekua kila shimo. Nakupa muda mpaka gari liwashwe. Likitoka hapo nalizuia, Enock awe amepatikana au hajapatikana."

Salome hakuwa na mpango.

Alikuwa na jambo moja tu, ambalo Enock aliwahi kumwambia kwa simu huku akicheka. Kalisti aliamini kwamba mtu akifia duarani, dhahabu iliyotoka humo nayo hufa. Ndiyo sababu Enock alikuwa bado anapumua. Asingeruhusiwa kufa kabla dhahabu haijauzwa.

Viatu vilisikika sakafuni.

"Dada fundi, unafunga redio au unajenga ghorofa?"

Alikuwa Kalisti, mzee mnene mwenye kofia ya pama. Nyuma yake alisimama Deckert, mnunuzi wa kigeni. Deckert angeliendesha gari hilo hadi kwenye maonyesho ya magari ya kale ng'ambo ya mpaka. Koti lake lilikuwa limetuna kiunoni.

"Shikamoo, mzee. Namalizia."

"Marahaba. Gari la mzungu hilo. Ukilichubua utaolewa ulilipe kwa mahari."

"Naomba simu yako tujaribu muziki. Yangu imezimika."

Kalisti alimpa bila kusita. Simu ikaungana kwa Bluetooth na redio mpya ya Pioneer. Ngoma ya Kisukuma ilifumuka kutoka spika za mbele. Mzee alitikisa mabega, akarudishiwa simu yake.

"Sasa naunganisha za nyuma," Salome alisema.

Aligusanisha nyaya kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa mfukoni mwa ovaroli, juu ya rimoti ya redio.

Muziki ulikatika.

Alitenganisha nyaya. Ukarudi. Akaunganisha tena. Ukakatika.

"Redio ni nzima," alisema taratibu. "Hizi za nyuma ndizo zimekufa, mzee. Na zinaziua na nyingine."

Tabasamu la Kalisti lilikauka.

"Zimekufa vipi?"

"Sijui. Jana zilikuwa nzima."

"Ni nyaya tu," Deckert alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Huyu fundi mbaya. Sisi kwenda."

"Wewe tulia. Mambo ya huku huyajui."

Kalisti alitoka hadi getini huku akipiga simu. Deckert alimfuata akilalamika. Kwa jirani, mchomeleaji alikuwa akikata chuma, na mashine yake ilipiga kelele za kuumiza meno.

Salome aliingia kwenye kiti cha dereva. Alifunga mlango, akapandisha kioo, akarudisha sauti.

Simu ya Kalisti ilikuwa bado imeungana na redio.

"Mwangaluka, bosi," sauti ya mwanamume iliamkia kutoka spika za mbele. "Mabula hapa."

Getini Kalisti alikuwa akifoka: "Haloo? Mabula? Mbona husemi?" Hakusikia kitu. Maneno yote yalikuwa yakipita ndani ya gari.

Salome aliinamia maikrofoni ya redio.

"Mabula, mimi ni dereva wa mgeni. Bosi anauliza, yule mtu wa shimoni yu hai?"

"Wewe nani? Mpe bosi simu."

Salome aliteremsha kioo kidogo. Sauti ya Kalisti ikapenya, mbali na yenye hasira. Alikipandisha.

"Unamsikia anavyofoka? Nimpe simu akutukane?"

"Aa, basi dada. Yu hai. Amedhoofu, lakini yu hai."

"Mgeni anakuja kumwona. Mwelekeze njia."

"Apite nyuma ya karasha la Mama Juliana, pale wanaposaga mawe. Duara lenye turubai la bluu."

"Nimepata," Stanslaus alisema sikioni.

Mashine ya jirani ilinyamaza.

"Mgeni anakuja saa ngapi?" Mabula aliuliza, na gereji nzima ikamsikia.

Kalisti aligeuka. Alilitazama gari, kisha simu yake.

"Mfukie!" alipiga kelele kwenye simu isiyomsikia. "Mabula, mfukie!"

"Bosi anasemaje, dada?"

"Anasema mpe maji. Kisha kaa hapo hapo."

Deckert alikuwa wa kwanza kuelewa. Alifika mlangoni akiwa na bastola mkononi.

"Toka."

Salome alifungua mlango kwa miguu yote miwili. Mlango mrefu wa Datsun ulimpiga Deckert gotini na kwenye kifundo cha mkono. Bastola iliteleza chini ya gari. Deckert alipoinua kichwa, alikuwa akitazama mdomo wa Glock, bastola ya Salome.

"Mzee, weka simu chini."

Kidole gumba cha Kalisti kilikuwa juu ya kioo cha simu. "Nazima hiyo Bluetooth, naongea naye mwenyewe. Mtu wako anakwisha."

"Na dhahabu yako inakwisha naye."

Kidole hakikushuka.

Watu wa Stanslaus waliingia getini mbio, wakampokonya simu.

Salome hakuwatazama. Aliegemea gari, mkono ukiwa sikioni, akisubiri.

"Turubai tumeliona," Stanslaus alisema hatimaye. "Mlinzi tunaye. Wamemtoa."

"Anapumua?"

"Anapumua. Analalamika kwamba maji ya Mabula yana tope."

Salome alifumba macho, akayafumbua. Alivua ovaroli, akaitundika kwenye kioo cha pembeni cha Datsun, akachukua ufunguo wa Land Cruiser kwa askari kijana aliyekuwa karibu.

"Unakwenda wapi?" Stanslaus aliuliza sikioni. "Nahitaji maelezo yako."

"Mwakitolyo, afande. Nimemwambia Mabula mgeni anakuja."

Akatoka getini bila kugeuka.