Fidla Iliyomshika Kaka Yangu

Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa ala za muziki. Haya niliyaona mwenyewe mchana kweupe, saa nane hivi, nilipompelekea chai karakanani.

Asubuhi hiyo mama mmoja mjane alikuwa ameleta fidla yenye ufa usoni. "Ya marehemu mume wangu," alisema. "Hakupenda mtu aiguse."

"Usijali, mama. Mimi siigusi, naishika tu."

Kaka alinisimulia hayo huku akicheka. Yule mama, alisema, hakucheka.

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Kaka akachukua gundi ya supaglu, ile nyepesi kama maji. "Hii huisukumi, dada. Unadondosha tone, linajipenyeza lenyewe. Tena haikaushwi na jua, inakaushwa na unyevu. Ndiyo maana naipulizia." Akapuliza pumzi kama anayefuta miwani. "Ila ukikosea umekosea. Haijui samahani."

Tone likakimbilia chini ya vidole vyake vinne. Akaguna. "Haya, leo fundi kagundishwa!"

Haikuwa mara ya kwanza. Nikaleta maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Nikapaka kwa pamba, polepole. Gundi ikalainika, ikabanduka, nikaifuta yote.

"Haya, toa mkono."

"Nimejaribu."

Nikachukua kipande cha karatasi, nikakipitisha chini ya kidole chake cha shahada. Kikatokea upande wa pili. Nikakipitisha chini ya vidole vyote vinne. Hakikukwama popote.

Mkono haukuondoka.

"Si gundi, dada," akanong'ona. "Nimeshikwa."

Nilivuta. Nilisali. Nilipiga kelele, seremala wa jirani akaja mbio, tukavuta wawili. Seremala akainua nyundo aivunje ile fidla.

"Usipige!" kaka akalia. "Utakuwa unanipiga mimi."

Seremala akaiweka nyundo chini. Hatukuwa na la kufanya. Tulikaa naye tu.

"Baridi imefika kwenye kiwiko," alisema.

Baadaye: "Begani."

Kisha: "Dada, nikumbatie."

Nikamkumbatia. Vidole vikaachia vyenyewe, kimoja kimoja. Lakini kaka alikuwa ameshakwenda.

Tulipokwisha kumzika, mjane alikataa kuichukua fidla yake. Hakufungua hata mlango. Seremala akaingiza kioo kidogo chenye mpini katika tundu jembamba la usoni mwa fidla, akamulika tochi. Akanipa nitazame.

Kwa ndani, chini ya pale vidole vya kaka vilipokuwa, palikuwa na alama nne nyeupe za vidole.

"Mvuke wa supaglu hufanya hivyo," alisema polepole. "Hung'ang'ania mahali palipoguswa, pakawa peupe. Lakini huku ndani kumeguswa na nani? Fidla hii haijawahi kufunguliwa."

Mungu ndiye ajuaye.

Jana nilitazama tena. Alama sasa ni nane. Katika zile mpya, kidole kimoja kina kovu lililokata mistari yake katikati. Ni jeraha la patasi. Nililifunga kitambaa kwa mikono yangu tulipokuwa watoto, kaka akilia nisimwache.

Vidole hivyo vimeelekea tunduni.

Nimejaribu kuingiza changu nimfikie. Kinaishia kwenye kucha.