Mabao Tisa ya Célestin

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, Mama Chimène, karani wa ofisi ya mpira Kasongo, alikuta daftari la mechi la mwaka 1979 liko mezani badala ya kabatini. Kufuli la kabati lilikuwa zima. Hakuna kilichoibiwa. Kilichotokea ni kwamba kitu kilikuwa kimeongezwa.

Ukurasa mpya ulikuwa umebandikwa kwa gundi: Salamabila 9, Kasongo 0. Golini, Ilunga. Mfungaji wa mabao yote tisa, Célestin.

Jumapili komite ya mpira ilikuwa iupe uwanja wa mji jina la golikipa bora wa zamani, na hesabu ilikuwa wazi. Ilunga: mechi sitini, kufungwa mabao thelathini. Marehemu Kalonda: mechi sitini, kufungwa mabao thelathini na sita. Mabao haya tisa yalimshusha Ilunga chini ya Kalonda, naye kwa miaka yake sabini na mitatu hakuwa na kitu kingine cha kujivunia. Alikwenda polisi mwenyewe.

"Nilifungwa tisa? Mimi?" alimwambia Inspekta Régina. "Siku hiyo nilikuwa nimekufa?"

Espoir, prezida wa komite, hakufurahi kumwona Régina ofisini. "Mama Inspekta, hii ni mambo ya mupira. Funga dosye yako ya polisi."

"Nitafunga ikiisha."

Mji mzima ulimnyooshea kidole Héritier, mjukuu wa Kalonda, aliyekuwa ametamba sokoni kwamba uwanja ni wa babu yake. Régina alimkalisha kitini.

"Mama Chimène alifunga ofisi jana saa kumi na moja jioni. Tangu hapo ulikuwa wapi?"

"Wamaza. Moto yangu ilipasuka pneu. Nimefika leo saa sita mchana, muulize fundi."

Fundi wa pikipiki wa Wamaza aliulizwa kwa simu, akakubali kwamba Héritier alilala huko akisubiri tairi. Héritier alisimama. "Na ninasema tena, babu yangu ndiye wa kwanza."

"Sema. Kusema haiko kosa."

Funguo za kabati zilikuwa mbili tu, moja ya Mama Chimène, nyingine ya Espoir. Régina alilisoma daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, na nje ya ukurasa ule wa gundi hakukuta jina la ubatizo hata moja. Hilo halikumshangaza. Enzi za Zaire majina hayo yalipigwa marufuku; yeye mwenyewe alichapwa na mwalimu kwa kuandika Régina juu ya daftari lake la hesabu. Aliyeandika Célestin hakuyaishi mambo hayo. Mama Chimène aliyaishi, tena ndiye aliyekuwa akiandika mechi zile. Espoir ana miaka thelathini na minne.

Alhamisi, saa nne asubuhi, aliwakusanya wote ofisini.

"Prezida, baba yako aliitwa nani?"

Espoir angeweza kudanganya. Aliinua kichwa. "Célestin. Alikufa mu shimo ya dhahabu, Salamabila, nikiwa mutoto mudogo. Mama anasema alikuwa mushambuliaji mukali, na hakumuita jina ingine. Nilitafuta jina yake mu madaftari yote, haimo. Ya Ilunga iko kila ukurasa. Mulimufuta, na mimi nikamurudisha. Sijutii."

Ilunga alilivuta daftari, akafunua kurasa kama mtu anayejua anakokwenda, akaweka kidole.

"Soma."

"Kabemba, dakika ya kumi na mbili," Espoir alisoma. "Kabemba, dakika ya sabini."

"Kabemba ndiyo jina serikali ilimuachia. Sisi tulimuita Célestin kwa siri, kule nyuma ya goli. Mu mabao thelathini niliyofungwa, haya mbili ni ya baba yako, na sijawahi kuyakataa. Mimi sifungwi kwa gundi. Nilifungwa na yeye."

Espoir alirudi kwenye mstari ule, midomo ikicheza bila sauti. Régina alimshika mkono ampeleke polisi.

"Muache," Ilunga alisema. "Amalize kusoma kwanza."