Ubeti wa Mwisho wa Wimbo wa Makuti

Kila siku alasiri, Mwanatabu akishavua sare ya shule na kula kilichobaki jikoni, alipita kwenye mwanya wa ua akaenda kwa jirani yao, Bi Mwanakheri. Mama yake alikuwa hana haja ya kuuliza mtoto yuko wapi. Likoni nzima, au tuseme mtaa ule wote, ulijua kwamba Mwanatabu baada ya shule hapatikani ila kwa msuka makuti.

Bi Mwanakheri alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mjane asiye na mtoto. Alikaa mkekani miguu ameinyoosha, ufito umelala mapajani, majani ya mnazi upande huu na kamba upande ule. Alikunja jani juu ya ufito, akalishona, akakunja jingine. Kazi ya Mwanatabu ilikuwa kumchagulia majani mazima na kumpa moja moja. Halipwi kitu, wala hakutaka kulipwa. Alichokifuata pale ni wimbo.

Maana Bi Mwanakheri hakusuka kimya. Alikuwa na wimbo wake mwenyewe wa beti saba, unaokwenda sawa na mkono. Ulianza hivi:

Suka kuti, suka tena,
nyumba ipate kivuli;
mvua ijapo kunena,
walalao wasijali.

Mwanatabu aliuhifadhi wote kabla hajafika darasa la tano. Jani na neno, jani na neno, mpaka kuti linakwisha na wimbo unakwisha.

Basi mwaka ule wa sitini na mbili, binadamu alikuwa ameshapelekwa angani akazunguka dunia na kurudi salama, na watu hawakuwa na mazungumzo mengine. Siku moja Mwalimu Badawi, aliyefundisha darasa la sita la akina Mwanatabu, aliingia na barua mkononi.

"Kituo cha redio kule kisiwani, ng'ambo ya maji, kinataka wimbo mmoja kutoka kila shule," alisema. "Alhamisi ijayo watakuja na mashine ya kunasia sauti. Wimbo wetu utachezwa katika kipindi cha watoto. Lakini nataka mjue jambo moja kabla hamjachagua."

Akachora duara ubaoni, akasema hiyo ndiyo dunia, kisha akachora mistari ya mawimbi yanayotoka juu yake.

"Sauti ya redio husafiri kwa mawimbi. Mengine hurudi chini tukayasikia. Mengine hupenya, yakapita mawingu, yakapita mwezi, yakaendelea tu. Hayachoki, na hakuna awezaye kuyaita yarudi. Sasa niambieni, kama huko mbali yuko anayesikiliza, tumpelekee wimbo gani ajue kwamba Likoni kuna watu?"

Hapo darasa likachangamka. Kijana mmoja akataka wimbo wa filamu ya Kihindi, Mwalimu akamwambia huo wenyewe Wahindi wataupeleka, asiwasumbukie. Mwingine akataka ngoma ya harusi, lakini hakuna aliyejua maneno yake zaidi ya kiitikio. Kisha Nafula akasimama. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa feri, aliyehamia kutoka bara na jamaa zake. Nafula akaimba wimbo wa kubembelezea mtoto aliofundishwa na bibi yake, kwa lugha ya kwao. Hawakuelewa neno hata moja, lakini darasa zima lilinyamaza. Sauti ya Nafula ilikuwa nzuri, wallahi.

Mwanatabu akaona wivu. Tusimfiche, aliona wivu hasa. Yeye alikuwa mtoto wa katikati katika kila kitu: hesabu za katikati, mbio za katikati, hata dawati lake lilikuwa la katikati. Tangu darasa la kwanza hajawahi kupigiwa makofi. Akanyoosha kidole, akasimama, akaimba wimbo wa makuti kuanzia mwanzo hadi ubeti wa sita.

"Wimbo mzuri," alisema Mwalimu Badawi. "Ni wa nani?"

Jibu la kweli lilikuwa ulimini. Lakini alipoona wenzake wote wamemgeukia, ulimi ukateleza.

"Wangu, Mwalimu. Nimeutunga mimi."

"Umetunga mwenyewe? Basi malizia. Mtungaji wa pwani hujitaja katika ubeti wa mwisho, akaweka tamati. Tuusikie wa kwako."

Ubeti huo ulikuwapo, na jina lilikuwamo. Sasa tazama shetani alivyo mwepesi. Mwanakheri na Mwanatabu, majina hayo yana urefu mmoja. Mtoto alitoa moja akatia jingine, na mizani isitikisike:

Mwanatabu nimesuka,
kuti langu nalitua;
kila atakayefika
anikumbuke kwa dua.

Makofi yakapigwa mpaka darasa la jirani wakachungulia dirishani. Kura zilipohesabiwa, wimbo wa Mwanatabu ulipata ishirini na tatu, wa Nafula kumi na sita. Mwalimu akaandika katika karatasi ya kituo cha redio: mtungaji, Mwanatabu, mwanafunzi wa darasa la sita. Nafula akampa mwenzake mkono, akakaa, akainamia daftari lake.

Siku ya kwanza utamu ulikuwa mwingi. Watoto wadogo walimfuata njiani. Mama yake alimpikia mahamri na kumwita mtunzi. Mwanatabu akajiambia kwamba hakuna aliyeumia. Bi Mwanakheri hana redio, shuleni hafiki, na redio ya mtaani ni moja tu, ile ya dukani kwa Yeslam, ambako wanawake hawakai. Atajuaje?

Jumanne alasiri alirudi kwenye makuti kama kawaida.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umenipotea siku hizi. Haya, nipe majani, na wimbo uanze."

Wakaimba pamoja. Ubeti wa kwanza, wa pili, hata wa sita. Walipofika wa saba, Mwanatabu akashindwa kufumbua mdomo. Bi Mwanakheri akaumaliza peke yake, akakata kamba kwa meno, akamtazama.

"Umesahau?"

"La, Bi. Nataka kukuuliza. Kwa nini ulilitia jina lako mle?"

Bi Mwanakheri akalilaza kuti lililokwisha juu ya mengine.

"Mtu akifa, mtoto wake humwombea dua. Mimi Mungu hakunijaalia mtoto, na nimeridhika. Lakini nikafikiri, nikilitia jina langu katika wimbo, na wimbo ukapendwa, huenda atakayeuimba akanikumbuka. Hiyo ndiyo akiba yangu. Nipe jani."

Mwanatabu akampa jani. Alikuwa amedhani ameiba maneno tu. Kumbe ameiba dua za mtu. Na keshokutwa mashine itakuja, jina la uwongo litanaswa, litapanda juu na kuendelea kwenda, na hata akija kutubu akiwa na mvi, halitarudi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakuwa na redio.

Alitaka kusema pale pale, asiweze. Aliaga, akaenda nyumbani, chakula kikamshinda. Mama yake akamgusa paji la uso akaona hana homa.

Asubuhi alifika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu Badawi alikuwa anafuta ubao.

"Mwanatabu."

"Abee, Mwalimu. Wimbo si wangu." Akaogopa kwamba akinyamaza hatasema tena, akayamwaga yote kwa pumzi moja: msuka makuti, jina alilolitoa, na dua.

Mwalimu aliacha kufuta ubao. Fimbo ilikuwa juu ya meza, hakuigusa.

"Umewadhulumu watu wawili," alisema. "Bi Mwanakheri umemchukulia chake. Nafula umemshinda kwa hila. Utawaambia wote wawili kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa karibu, lakini sitakusemea."

Kwa Nafula alisema mbele ya darasa zima. Kuna waliocheka, kuna waliozomea kwa chini chini. Nafula hakucheka.

"Ningekuwa mimi nisingekufanyia hivyo," alisema tu, na Mwanatabu akaona heri angezomewa na yeye pia.

Baada ya masomo walikwenda kwa Bi Mwanakheri. Mwalimu alibisha hodi, akakaribishwa, akasalimia kwa adabu, kisha akamwachia mtoto nafasi. Mwanatabu alipiga magoti mkekani, akasema. Bi Mwanakheri alikuwa anakunja jani. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena, asilishone.

"Umeniumiza," alisema. "Unajua kwa nini nilikuwa nakuimbisha kila siku? Nilikuwa nimekuchagua wewe. Nilisema, mtoto huyu ndiye atakayenitaja nikishakwenda."

Hapo Mwanatabu akalia. Hakulia kwa kuogopa kupigwa, alilia kwa sababu alikuwa amepewa kitu kikubwa kuliko makofi ya darasa zima, na hakujua kwamba alikuwa nacho.

"Na ungeniomba ningekupa," aliendelea Bi Mwanakheri. "Wimbo si chungu, kwamba ukitumiwa na wengi utavunjika. Ungeniambia, Bi, shule wanautaka, ningekuambia nendeni mkaimbe."

"Na sasa?" aliuliza Mwalimu Badawi. "Hata ukikataa, haki ni yako. Na hata ukikubali, lazima nirudie kura, kwa ajili ya yule mtoto mwingine."

Bi Mwanakheri alifikiri. Kuku wake mmoja akapita juu ya majani, akamfukuza kwa mkono.

"Rudia kura yako. Wasipoutaka, basi. Wakiutaka, nina sharti moja. Beti sita waimbe wote. Ubeti wa jina langu auimbe huyu, peke yake."

Kesho yake asubuhi, kabla mashine haijafika, kura zikapigwa upya, na safari hii kila mtu alijua wimbo upi ni wa nani. Wimbo wa makuti ukashinda tena, lakini kwa kura tatu tu. Nafula alinuna, kisha akasema bado anauona wa kwake ni bora, ila safari hii ameshindwa kwa haki. Mwalimu akamfanya kiongozi wa kwaya, kwa kuwa hapakuwa na sauti ya kumfikia. Kisha katika karatasi ya kituo cha redio akalifuta jina la Mwanatabu, akaandika la Bi Mwanakheri.

Mashine ikawekwa mezani, magurudumu yake yakazunguka. Darasa likaimba beti sita. Kisha wakanyamaza, na Mwanatabu akasogea mbele ya wenzake wote aliowadanganya. Akavuta pumzi, akaimba:

Mwanakheri nimesuka,
kuti langu nalitua;
kila atakayefika
anikumbuke kwa dua.

Jumamosi iliyofuata, saa ya kipindi cha watoto, Yeslam aliitoa redio yake nje akaiweka juu ya gunia la mchele. Bi Mwanakheri alisimama upande wa pili wa njia, amejifunika buibui lake, na Mwanatabu kando yake. Mtangazaji akasoma jina la mtungaji, na wimbo ukaanza. Ulipofika ubeti wa mwisho, wanaume waliokuwa wamekaa barazani kwa Yeslam, wengine hawajapata kumjua mwanamke huyo, waliinua mikono.

"Mungu amrehemu huyo mama, hai au maiti," alisema mmoja.

"Amin," wakaitikia wote.

Bi Mwanakheri alimshika Mwanatabu mkono, akaubana, na hakuuachia mpaka redio ilipogeukia habari nyingine.

Mwalimu Badawi, aliyekuwa barazani pamoja na wale wengine, akavuka njia akawajia.

"Sasa wimbo ndio huo, unakwenda," alimwambia mwanafunzi wake. "Mwanatabu, cha mtu ukikipenda, kiombe, na ukikitumia, mtaje mwenyewe. Na ukiteleza ukasema uwongo, usingoje. Ukimbilie ukiwa bado mlangoni, maana ukishatoka nje hakuna mwenye mbio za kuukamata. Wewe uliuwahi."

"Aliuwahi," alisema Bi Mwanakheri. "Haya twende, mwanangu. Kuna ubeti wa nane nimeanza kuutunga, nao nataka ujifunze."