Nani Amemaliza Bando la Mama Rababu?

Kila asubuhi Mama Rababu alikwenda sokoni, kisha akapitia kwa dada yake mgonjwa. Mumewe, Mzee Shauki, alikwenda mkahawani kucheza dhumna na wastaafu wenzake. Walifunga mlango, wakarudi adhuhuri. Sisi wa jengo lile la Tanta, huko Misri, tulijua saa kwa kuwaona wakishuka ngazi.

Siku ya kisa hiki ilikuwa tarehe ishirini na nne. Jana yake binti yao Rababu alikuwa amejifungua mtoto wa kike huko Kuwait. Sherehe ya siku ya saba ingekuwa tarehe thelathini. Siku hiyo mtoto hulazwa ndani ya chekeche, na bibi hugonga kinu cha shaba sikioni mwake na kumpa maagizo ya maisha. Bibi huyu angegonga akiwa Tanta, kwa simu ya video.

Kabla hawajatoka, simu ya Mzee Shauki ikalia. Ujumbe. Akausoma mara mbili.

"Mama Rababu, tumekwisha. Bando la nyumbani limebaki kidogo tu. Jipya ni tarehe mosi, na pensheni yangu haina nguvu ya kununua jingine."

Mama Rababu akaketi. "Kama mwaka juzi?"

Mwaka juzi alizaliwa mjukuu wa kwanza. Mama Rababu aliinua mchi, akafungua mdomo, na picha ikaganda. Bando lilikuwa limeisha. Yule mtoto hakugongewa kinu na bibi yake, na hadi leo hasikii la mtu. Mama Rababu anaamini sababu ni hiyo tu.

"Kuna mwizi," Mzee Shauki akasema. "Mtu anavuta waifai yetu."

"Umebadilisha neno la siri mara nne."

"Basi ni mwizi hodari."

Akashuka moja kwa moja kwa Sabri, kinyozi wa ghorofa ya chini. Haraka yake Mzee Shauki ni ya ajabu. Kwanza alikaa anyolewe. Wembe ulipofika shingoni ndipo akaanza kushtaki.

"Sabri, mwanangu, waifai yangu ni tamu?"

Sabri akainua wembe. Akatoa mfukoni simu ya vitufe, imefungwa kwa mpira isifunguke. "Mzee wangu, simu yangu ndiyo hii. Hata kupokea salamu inaona tabu."

Wateja wakacheka. Mzee Shauki akaondoka na ndevu upande mmoja na povu upande wa pili. Kuomba radhi mbele za watu alishindwa.

Mlangoni kwake alimkuta mkewe na kikapu, ameshafunga mlango. Alikuwa akimweleza habari ya bando Nermini, jirani wa ghorofa ya juu. Nermini hufanya kazi katika kampuni ya intaneti, huduma kwa wateja.

"Mna runinga ya intaneti, Hajati?" Nermini aliuliza.

"Tunayo, Rababu alituletea. Lakini tunatazama tamthilia moja tu, baada ya isha. Mchana hatupo."

"Kama hampo, nani anaongea humo ndani?"

Wakatega sikio. Nyuma ya mlango uliofungwa kulikuwa na sauti nzuri, taratibu, ikisoma Kurani.

"Si mtu," Mama Rababu akasema. "Nyumba haiachwi kimya, mwanangu. Marehemu mama aliacha redio ikisoma ili baraka zikae ndani. Mimi naacha runinga."

Wakaingia. Kwenye kioo kikubwa maji yalitiririka na maua yalitikisika. Hata matone ya umande ungeweza kuyahesabu.

"Redio hupokea mawimbi ya hewani," Nermini akaeleza. "Haigusi bando. Runinga hii huvuta picha kwa intaneti, hata kama hakuna anayeitazama. Picha angavu namna hii hula GB mbili au tatu kwa saa moja. Mnakaa nje kwa saa ngapi?"

"Mbili. Tatu, dada akiwa na maneno."

"Kila siku. Na bando lenu la mwezi mzima ni GB mia na arobaini."

Mama Rababu akashika kifua. "Unataka kuniambia Kurani ndiyo iliyomaliza bando?"

"Hasha, Hajati. Maua ndiyo yamemaliza."

Mzee Shauki akacheka mpaka povu likamdondoka.

Nermini akachukua rimoti na kushusha ubora wa picha. Nyuso za waigizaji wa tamthilia yao bado zingeonekana vizuri. Akazima pia ile hali ya video kujiendeleza yenyewe. "Mkimaliza kutazama, zimeni. Na kila jioni angalieni kwenye simu kilichobaki. Msingoje ujumbe."

Redio ya zamani ikateremshwa kutoka juu ya kabati. Mama Rababu akaifuta vumbi kwa mtandio wake wa kichwani. Sauti ilipotoka, machozi yakamlenga. Ilikuwa kama mama yake yuko jikoni.

Tarehe thelathini ilifika, na bando lilikuwepo. Sabri naye alialikwa, akaletewa karanga na peremende za sherehe. Mzee Shauki alimpa kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Nisamehe, mwanangu," mbele ya watu wote.

Huko Kuwait mtoto alilazwa kwenye chekeche. Mama Rababu akainua mchi. Wote tukaitazama simu, hatupumui. Picha haikuganda.

Akagonga. "Msikilize mama yako."

Akagonga tena. "Usimsikilize baba yako."

Akagonga mara ya tatu, kwa nguvu, hadi mtoto akashtuka na kulia. "Na ukitoka nyumbani, zima runinga."